Kidole cha Nje cha Ndabazi

Wenzangu mliobaki ofisini mlitaka niwaachie maandishi, mkasema yasiwe marefu na yasiwe ya kujisifu. Hilo la kwanza nitajitahidi. La pili halinipi shida, maana kisa nilichokichagua kinanionyesha nikikosea, tena mbele ya watu, tena kwa kujiamini. Vyeo na mishahara nimeviacha. Vyote vimo kwenye jalada langu na anayetaka akasome huko.

Nianze na jina. Kazini niliitwa Bwana Mifugo tangu mwanzo hadi mwisho, nami ni mama wa watoto wanne. Siku yangu ya kwanza kijijini, mzee mmoja alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu, kisha akamuuliza dereva, "Na Bwana Mifugo mwenyewe yuko wapi?" Dereva akanionyesha kwa kidevu. Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Basi karibu, Bwana Mifugo," na tangu hapo jina likanikaa. Nililizoea hadi mume wangu naye akawa ananiita hivyo akikasirika.

Kazi niliianzia Kibondo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, chini ya Mzee Kagoma. Alikuwa mganga msaidizi wa mifugo, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza na koti la kaki ambalo mifuko yake ilikuwa duka kamili: kipimajoto ndani ya mrija wa mwanzi, uzi, mkasi, chupa ndogo ya dawa ya zambarau iliyokuwa imelipaka koti rangi mpaka kwenye kitambaa cha ndani. Sindano zetu zilikuwa za kuchemsha. Nilichemsha sindano asubuhi moja, nyingine, na nyingine tena, kabla hajaniruhusu kumgusa mnyama. Nilinung'unika sana kwa barua nyumbani.

Somo la bandeji alinipa kwenye kidole gumba changu mwenyewe. Nilikuwa nimemfunga ndama mguu, nikajiona fundi. Mzee Kagoma akakagua, akachukua bandeji nyingine akanifunga kidole vilevile nilivyomfunga ndama, akaniambia nifanye kazi nayo mpaka jioni. Saa nane mchana kidole kilikuwa kimevimba na kinapiga kama moyo. Nilipokwenda kumwomba anifungue, akasema, "Mwenzako hana wa kumwomba." Sijamkaza mnyama bandeji tena tangu siku hiyo.

Alikuwa na swali moja aliloliuliza kabla ya mengine yote. Mtu akileta mnyama, au akija kueleza ugonjwa, baada ya salamu ndefu za Kiha ambazo yeye hakuzikatiza hata siku moja, Mzee Kagoma aliuliza: "Analala wapi?" Mbuzi ana vidonda vya magoti: analala wapi? Ndama anakohoa: analala wapi? Mimi nilidhani ni nyongeza ya salamu, kama kuulizia mihogo na watoto. Sikuona kwamba mbuzi wa magoti alilala juu ya jiwe na kwamba dawa yake iliishia kuwa nyasi kavu. Niliona nyasi tu, nikaandika kwenye daftari, "Nyasi," nikashangaa kwa nini chuoni hatukufundishwa.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa Kasulu. Wakimbizi walikuwa wanazidi kuingia, magari ya mashirika yanapita vumbi tupu kwenda upande wa kambi ya Nduta, na mimi nilikabidhiwa baiskeli, kata kadhaa, majosho mawili na sanduku la dawa lililokuwa tupu mara nyingi kuliko lilivyokuwa na kitu. Nilikuwa peke yangu sasa. Salamu nikazifupisha, na swali la Mzee Kagoma likaondoka pamoja nazo. Sikuliacha kwa kukusudia. Nilikuwa na haraka tu, na haraka kwa mtumishi wa serikali inafanana sana na bidii.

Ndabazi nilimwona mara ya kwanza kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, uwanja wa shule, Heru Juu. Mbwa wengine walikuja kwa kamba za mgomba, wanavutwa, wanapiga kelele. Yeye alikuja huru, anakimbia pembeni ya baiskeli ya mwenyewe, bega lake sawa na kanyagio, kama aliyefungwa hapo kwa kitu kisichoonekana. Alikuwa mbwa wa kahawia, kifua cheupe, miguu mirefu. Mwenyewe alikuwa Zakaria, mwinjilisti wa kanisa lao, mtu mrefu mwenye suruali iliyobanwa kwa vibanio vya nguo ili isiingie kwenye mnyororo. Jumapili na Jumatano alizunguka makanisa madogo ya mbali kwa baiskeli, mengine karibu na Munanila, na mbwa alikimbia naye kwenda na kurudi. Ibada ikiwa inaendelea, alilala mlangoni.

Niliuliza jina ili niandike cheti. "Ndabazi," akasema, yaani nawajua. Huku kwetu mtu humpa mbwa jina lenye ujumbe kwa majirani, na nikamwambia jina hilo ni kali kwa mbwa wa mwinjilisti. Akatabasamu, akasema alipewa mbwa huyo na jirani akiwa tayari na jina lake, na yeye hakuona vema kulibadilisha. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyoyasikia kwake kwa muda mrefu.

Baada ya mavuno ya maharage alimleta ofisini anachechemea, mguu wa mbele wa kulia. Ukucha wa kidole cha nje ulikuwa umepasuka tangu shinani, nyama ya ndani iko wazi. Ni jeraha dogo linaloumiza vibaya, na kwa mbwa wa mbio si geni. Nitawaandikia nilivyofanya, maana hapo sikukosea. Niliosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nilipekua katikati ya vidole kutafuta funza, maana huku funza hawachagui mtu wala mbwa. Nikakata kipande cha ukucha kilicholegea kwa mkato mmoja wa haraka, nikakandamiza punje za potasi mpaka damu ikakoma, nikapaka dawa ya zambarau. Pamba nikaiweka katikati ya kila kidole, si juu tu, kwa sababu vidole vikisuguana chini ya bandeji vitaoza. Nikafunga kuanzia chini kwenda juu, ncha za vidole vya kati zikionekana ili uvimbe usijifiche. Kwa kutoka nje kukojoa nikampa soksi ya mpira wa ndani wa baiskeli, ivuliwe mara tu akirudi.

Kisha nikatoa amri. "Apumzike wiki mbili. Asikimbie hata hatua moja. Usipokuwepo, afungiwe ndani."

"Bwana Mifugo, huyu mbwa akifungiwa..." Zakaria akaanza.

"Wiki mbili, Mwinjilisti."

"Eego, Bwana Mifugo," akasema. Eego ni ndiyo ya huku. Akambeba mbwa mikononi, akasukuma baiskeli kwa nyonga mpaka barabarani.

Wiki haikuisha. Jumatatu akarudi, bandeji imechanika, kidole kinavuja damu upya. Nikarudia kazi yote, nikaongeza wiki. Jumatatu nyingine akarudi tena. Nikadhani mbwa anailamba na kuitafuna, nikakata ndoo ya plastiki iliyotoboka, nikamvalisha shingoni asifikie mguu. Akaonekana mjinga kweli, na watoto wa shule walimsindikiza hadi njia panda. Kidole kikapata nafuu siku tatu, nikakiona kinakauka kwa macho yangu siku ya Jumamosi nilipopita kanisani kwao, na Jumatatu kikarudi kimeraruka kuliko mwanzo. Kila mara nilimuuliza, "Ulimfungia?" na kila mara alijibu, "Eego." Nami kila mara nikaongeza wiki.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipojiona hodari. Nilikaa na daftari la matibabu, nikafuata mistari kwa kidole, nikaona: Jumatatu, Jumatatu, Jumatatu. Na kabla ya Jumatatu kuna nini? Jumapili. Na Jumapili mwinjilisti anaenda wapi? Nilifunga daftari nikiwa nimevimba kichwa. Mtu huyu anakubali amri mbele yangu, kisha Jumapili anamtoa mbwa mbio hadi Munanila, halafu ananiletea nimfunge bandeji ya serikali.

Ningeweza kumwita pembeni. Sikumwita pembeni. Nilimkuta siku ya josho, watu wamejaa na ng'ombe wao, naye amekuja kumsaidia shemeji yake kuswaga. Ndabazi hakuwa naye. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa zizi kwamba nimechoka kudanganywa, kwamba mtu anayesimama madhabahuni anapaswa kuwa wa kwanza kusema kweli, na kwamba mbwa yule anaumia kwa sababu ya Jumapili zake.

Zakaria alivua kofia. "Eego, Bwana Mifugo," akasema. "Nimekosa."

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na moyo mweupe. Niliona nimemtetea mnyama asiyeweza kusema.

Alipomleta tena, Ijumaa moja, kidole kilikuwa kimevimba mara mbili na kinanuka. Nilipoingiza kijiti cha chuma kilichochemshwa, kiligonga kitu kigumu. Ulikuwa mfupa. Kidole kikifika hapo hakipakwi tena, kinakatwa, na kikiachwa, uozo unapanda mguuni na mwisho anakwenda mbwa mzima. Nikamwomba daktari wa wilaya, akasema atakuja Alhamisi. Lakini niliogopa jambo moja: tukikata Alhamisi, na Jumapili mbwa akatolewa tena mbio juu ya nyuzi mbichi, tutampoteza. Nikaamua Jumapili inayotangulia Alhamisi hiyo niende mwenyewe Heru Juu bila taarifa, nimkamate mwinjilisti na baiskeli yake, nimalize ubishi ambao hakuna aliyekuwa akibishana nami.

Nilifika kengele ya kanisa ikiwa imeshapigwa. Kabla ya kuona nyumba nilisikia sauti, kwaru, kwaru, kwaru, inakoma, inaanza tena. Uani alikuwepo mkewe, Mama Edita, anamenya mihogo. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani. Sauti ilitoka ghala la mahindi, chumba kidogo cha udongo pembeni ya jiko, na mlango wake ulitetemeka kila sauti ilipokuja.

"Mwakeye, Mama Edita," nikamsalimia. "Mwinjilisti yupo?"

"Kaenda kanisani kwa miguu." Hakuinua uso. "Bwana Mifugo, unatafuta nini tena kwetu?"

"Nimekuja kumwona mbwa."

"Mbwa ndiye huyo unamsikia. Si ulisema afungiwe? Tumemfungia."

Nilikwenda, nikatoa komeo. Ndabazi alinipita miguuni mbio hadi ilipo baiskeli, akainusa, akazunguka mara mbili, akalala chini yake, anahema. Bandeji yangu ya Ijumaa ilikuwa imebaki kama nyuzi. Nikautazama mlango. Ulikuwa wa mbao za sanduku, na sehemu ya chini ulikuwa umepigiwa ukanda wa bati kwa ajili ya panya. Ukingo wa bati ulikuwa umejikunja nje kwa kukwaruzwa, mkali kama kisu cha jikoni, na mbao za juu yake zilikuwa zimechimbwa michirizi. Kulikuwa na damu kavu, na juu ya damu kavu damu mbichi. Mtu alikuwa amejaribu kupigilia gunia juu ya lile bati. Vipande vyake vilikuwa chini, vimetafunwa.

Nilichuchumaa pale. Mbwa hakuwa amekimbia Jumapili hata moja. Kila Jumapili na kila Jumatano mwenyewe alipoondoka, alichimba mlango kumfuata, kwa mguu wake wa kulia, na kidole cha nje ndicho kilichokuwa kinaingia kwenye ukingo wa bati. Wiki zote nilizoziongeza nilikuwa nakiongezea bati. Na Jumatano sikuiona daftarini kwa sababu Alhamisi huwa niko josho la mbali na ofisi imefungwa.

"Analala wapi?" Sauti ya Mzee Kagoma ilinijia pale chini, na niliona haya kama vile amesimama nyuma yangu.

"Na wewe leo hukwenda ibadani?" nilimuuliza Mama Edita.

Akaweka kisu chini. "Siendi tena. Wanawake wananitazama. Zakaria amesimamishwa kuhubiri tangu siku ile ya josho. Wazee wa kanisa walimwita, wakamuuliza kama ni kweli alidanganya serikali. Baiskeli hiyo unaiona, haijaenda Munanila majuma mangapi. Anakwenda kanisani kwa miguu, anakaa nyuma. Kwenye mlango, pale alipokuwa analala mbwa."

Zakaria alirudi jua likiwa juu. Aliponiona akavua kofia, na kabla sijafungua kinywa akaanza, "Bwana Mifugo, nilimfungia, ila..."

"Najua ulimfungia," nikasema. "Nimeuona mlango. Mwinjilisti, wewe ulijua kwamba ni mlango?"

Alimtazama mkewe kwanza. "Eego."

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya pili."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshasema," akajibu, bila uchungu, kama anayenieleza njia. "Na mara ya tatu nikafikiri, labda Bwana Mifugo anajua kitu ambacho mimi sijui. Umesoma."

"Na josho? Kwa nini useme umekosa, na hujakosa?"

Akakaa kwenye kigoda, Ndabazi akaja kuweka kidevu kwenye kiatu chake. "Mimi nilivushwa mpaka wa nchi nikiwa mgongoni kwa baba," akasema. "Karatasi za uraia tulizipata mimi nikiwa mtu mzima. Baba alituambia watoto wake wote jambo moja: mtu wa serikali akikwambia umekosa, mwambie nimekosa, urudi nyumbani mzima. Siku ile nilirudi nyumbani mzima."

"Mzima wapi," alisema Mama Edita kutoka jikoni.

Nililia. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa, maana baadhi yenu mnanijua kama mtu mkavu. Nililia mbele ya nyumba ya watu, na Mama Edita akaniletea maji ya kunawa uso, na huo ulikuwa wema ambao sikustahili.

Nilipotulia niliuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza. "Wewe ungemfanyaje apumzike?"

Zakaria akajikuna shingo. "Huyu hataki kukimbia, Bwana Mifugo. Anataka kuwa nilipo. Nilikuwa nimefikiria kumpakia."

Akaingia ndani akatoka na tenga la kubebea kuku, kubwa, limetandikwa kanga kuukuu, na kamba za mpira za kulifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Lilikuwa tayari. Lilikuwa na vumbi.

Alhamisi daktari wa wilaya alikuja. Kidole hakikuwa cha kuokoa, na sitaki msomaji yeyote adhani hadithi hii ilinisamehe hapo. Tulikata nje, uani, kwenye mwanga. Meza tuliipata kwa Zakaria kung'oa ule mlango wa ghala na kuulaza juu ya vigoda vinne, ukanda wa bati akiwa ameshauondoa kwa nyundo. Tulimchoma sindano ya ganzi, Zakaria akamshika kichwa akimwimbia kwa sauti ya chini wimbo wa kanisa, na mbwa hakutuletea fujo. Kazi ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha vyombo. Kidole nilikizika mwenyewe nyuma ya migomba.

Jumanne ya josho iliyofuata nilimwomba Zakaria aje. Watu walikuwa walewale, na mzee wa kanisa, Mzee Yeremia, alikuwepo na ndama zake. Nilisubiri ng'ombe wa kwanza wapite ili kelele ipungue, nikasimama juu ya ukingo wa josho. Sauti haikutoka vizuri kama siku ile ya kwanza. Nikasema kwamba mimi ndiye niliyeamuru mbwa afungiwe, kwamba mbwa aliumizwa na mlango wa amri yangu, kwamba sikwenda kuangalia, na kwamba mwinjilisti hakumtoa mbio hata Jumapili moja.

Mzee Yeremia akauliza, taratibu, kama hakimu, "Kwa hiyo Mwinjilisti hakudanganya?"

"Alidanganya mara moja tu," nikasema. "Aliposema amekosa."

Kuna waliocheka, kuna waliotazama viatu. Nikamgeukia Zakaria, nikamwomba radhi kwa jina lake. "Eego, Bwana Mifugo," akasema, na mpaka leo sijui kama alikuwa anakubali radhi au anakubali kwamba nilikosea. Vyote viwili vilikuwa kweli.

Kanisa lilimrudisha kimya kimya, kama linavyofanya mambo yake. Jumapili mbili baadaye niliwaona barabarani: Zakaria anakanyaga mlima, jasho linamtoka, na nyuma yake Ndabazi ndani ya tenga, mguu umefungwa, amekaa wima kama mkaguzi wa shule. Watu walicheka njia nzima. Mbwa hakujali. Mgongo wa mwenyewe ulikuwa mbele yake, na hilo lilimtosha. Kidonda kilifunga ndani ya wiki tatu, bila ndoo, bila bandeji hata moja kuraruka. Kisha akashushwa kidogo kidogo, kwanza kwenye tambarare, halafu mteremko, na mwishowe safari yote. Kwa vidole vilivyobaki alikimbia miaka mingine kadhaa, na hakuna aliyejua isipokuwa aliyehesabu nyayo kwenye vumbi.

Mzee Kagoma alikuwa ameshastaafu. Nilikusudia kwenda Kibondo kumsimulia, nikachelewa, akafariki. Angeniuliza tu mbwa analala wapi sasa hivi. Katika daftari la matibabu nilichora kwa rula safu moja ya ziada, kabla ya safu ya ugonjwa. Mnaiona hadi leo na mmoja wenu alinishauri tuifute kwa sababu haimo kwenye fomu za wizara. Tafadhali msiifute.

Miaka ya elfu mbili ilipokuwa imeanza, Ndabazi akiwa ameshakufa kifo cha uzee chini ya baiskeli ileile, Zakaria alikuja ofisini na mbwa mdogo, mweusi, anayechechemea mguu wa nyuma. Nilifanya salamu zote, sikuruka hata moja. Nikauliza analala wapi, akanieleza. Nikapekua mguu, nikaona uvimbe, nikasema, nikiwa naandika, "Huyu amerukaruka ukutani. Mpumzishe siku kumi."

Nikangoja eego yangu, haikuja. Niliinua kichwa. Zakaria alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi, na jasho limemtoka puani kama mtu aliyepanda mlima.

"Oya, Bwana Mifugo," akasema. "Hapana. Sivyo."

Niliweka kalamu chini, nikamvutia kiti, nikamwambia anieleze.